Siku sita London na mtoto wa miaka miwili: saa, lifti na mbeleko

Swali, kutoka kwa mama wa Mombasa:

"Mwisho wa Juni mume wangu ana mkutano wa kikazi London, nasi tutafuatana naye, mimi na binti yetu wa miaka miwili na miezi mitatu. Viza tumeshapata. Mchana kutwa nitakuwa peke yangu na mtoto, na jiji silijui. Nimeandika orodha: Big Ben, London Eye, kasri la Mfalme, bustani ya wanyama, makumbusho ya dinosaria, Greenwich na duka la Harrods. Nibebe kigari chetu kikubwa au ninunue kingine? Tukae mtaa gani? Na akiumwa nifanyeje?"

Jibu:

Mama, kabla ya yote punguza orodha. Mtoto wa umri huo ana saa tatu, nne hivi za uchangamfu asubuhi katika mahali pageni, kisha anahitaji kulala. Kutoka mlangoni mwa hoteli hadi mahali unapokwenda, ukiwa na mtoto, hesabu dakika arobaini hadi saa nzima hata kama ramani inasema ishirini. Kwa hiyo kila siku inabeba jambo moja kubwa, nalo liwe la asubuhi. Katika uliyoyataja, weka makumbusho, kasri pamoja na farasi wa walinzi, na Greenwich. Bustani ya wanyama iliyo Regent's Park iwe ya akiba, siku isiyo na mvua. Harrods iache. London Eye nayo iache: mzunguko mmoja huchukua kama nusu saa ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna choo, na akianza kulia dakika ya tano hamna pa kushukia. Mto Thames mtauona vizuri zaidi kwa boti, nitalifikia hilo.

Mtaa: kwa hali yako ningechagua Paddington. Treni ya Elizabeth line inatoka Heathrow moja kwa moja hadi hapo bila kubadilisha, na stesheni zake zote zina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani. Hyde Park iko karibu kwa miguu. Barabara ya Edgware Road, yenye mikahawa mingi ya Kiarabu na nyama halali, iko karibu pia, na hospitali ya St Mary's yenye kitengo cha dharura iko pale pale mtaani. Paddington ikiwa ghali kuliko mfuko wenu, angalia Stratford, mashariki mwa jiji. Iko mbali kidogo, lakini ina Elizabeth line, Jubilee line na DLR (treni nyepesi ya mashariki mwa jiji), zote zenye lifti. Popote mtakapokaa, mwulize mwenye nyumba maswali mawili kabla ya kulipa: je, kuna lifti, na je, chumba cha kulala kina mapazia mazito yanayozuia mwanga? Nyumba nyingi za katikati ya jiji zilijengwa zaidi ya miaka mia iliyopita na zina ngazi nyembamba za ghorofa tatu au nne bila lifti.

Hilo la mapazia linatuleta kwenye jambo ambalo wazazi wa Pwani hawalitarajii. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. London mwisho wa Juni jua huzama saa 3:20 usiku na kuchomoza saa 10:45 alfajiri. Mtoto aliyezoea kuwa giza ndilo ishara ya kulala atakuona unamlaza mchana. Ongeza kwamba majira hayo London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mwili wa binti yako ukisema saa mbili usiku, saa ya ukutani inasema saa kumi na mbili jioni. Akizoea kuamka saa 12:30 asubuhi Mombasa, ataamka saa 10:30 alfajiri London, na nje kunapambazuka, kwa hiyo hatarudi kulala.

Usipigane na tofauti hiyo kwa siku sita tu. Igawe katikati: mlaze saa moja jioni ya London, naye ataamka kati ya saa 11:00 na 11:30 alfajiri. Chumba kikikosa mapazia mazito, nunua roli ya mifuko myeusi ya taka na selotepu ya karatasi dukani, funika kioo chote usiku wa kwanza kabla hajalala, usiache upenyo pembeni. Selotepu ya karatasi haitoi rangi ya dirisha, ile ya kawaida hutoa. Kisha itumie alfajiri yake. Hyde Park hufunguliwa saa 11:00 alfajiri kila siku, na saa kumi na mbili asubuhi pembeni mwa ziwa la Serpentine ni mabata, mabatamaji, wakimbiaji wachache na nafasi ya kukimbia bila gari wala umati. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote London kwa mtoto mdogo, na haina kiingilio.

Usingizi wa mchana nao utasogea. Kama Mombasa hulala saa saba mchana, London mwili utauomba kuanzia saa tano asubuhi. Panga uwe unatoka makumbusho saa 5:30, umlaze kwenye kigari, utembee bustanini akiwa amelala. Ukimpitisha saa hiyo kwa sababu bado kuna kitu cha kuona, jioni yote itaharibika.

Sasa kigari. Kile kikubwa kiache nyumbani. Nunua chepesi, kilo sita au saba, kinachokunjwa kwa mkono mmoja huku mwingine umemshika mtoto, na kinacholala nyuma angalau nusu ili aweze kusinzia. Jaribu kukikunja dukani mara kadhaa ukiwa umebeba mtoto kweli, maana muuzaji atakuonyesha akiwa na mikono miwili. Nunua na kifuniko chake cha mvua cha plastiki chenye matundu ya hewa. Mzigo usiuning'inize kwenye mshikio: ukimtoa mtoto, kigari huanguka kinyumenyume. Mzigo ukae kwenye kikapu cha chini au kwenye begi la mgongoni.

Na chukua mbeleko. Sisemi hivyo kwa sababu ya mila. London ina stesheni 272 za treni ya chini ya ardhi, na ni kama theluthi moja tu zenye njia isiyo na ngazi. Mtu aliye peke yake hawezi kubeba kigari na mtoto pamoja kushuka ngazi. Mtoto akiwa mgongoni na kigari kimekunjwa mkononi, unaweza. Usimpandishe akiwa ndani ya kigari kwenye ngazi za umeme. Magurudumu ya mbele hukwama pale ngazi zinapokwisha huku watu wa nyuma wanaendelea kuja. Tafuta lifti, au mweke mgongoni.

Mbeleko itakufaa hata kabla ya kutoka uwanja wa ndege. Kigari utakachokiacha mlangoni mwa ndege mara nyingi hakirudishwi mlangoni mkifika Heathrow. Hupelekwa kwenye mizigo, na mwendo kutoka ndege hadi uhamiaji ni mrefu.

Hapo uhamiaji jambo moja linawahusu sana watu wetu: majina. Mama wa Kiswahili hubeba jina la baba yake, mtoto jina la baba yake, na ofisa anaona pasi mbili zisizofanana. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cha asili au nakala iliyothibitishwa, kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye sanduku. Kama mume wako atatangulia au atabaki nyuma, uwe pia na barua yake iliyosainiwa inayokubali mtoto asafiri nawe, yenye nambari yake ya simu.

Chakula cha mtoto: Uingereza hairuhusu kuingiza nyama wala maziwa na vitu vya maziwa kutoka kwetu, hata kwa matumizi yako mwenyewe. Maziwa ya unga ya watoto na chakula cha watoto vinaruhusiwa hadi kilo 2 kwa kila mtu, mradi vimefungwa kiwandani, vina jina la kampuni, na havihitaji friji kabla ya kufunguliwa. Unga wa uji ubebe kwenye pakiti yake ya dukani isiyofunguliwa. Ukiuhamishia kwenye mfuko mtupu usio na maandishi unajitafutia maswali. Nepi usijaze sanduku nazo, zipo kila duka, na namba za saizi ni kama za kwetu. Adapta ya umeme pia huhitaji, soketi zao zina matundu matatu bapa kama zetu.

Kwenye usafiri wa jijini, fanya basi liwe chaguo la kwanza. Mabasi yote ya London yana sakafu ya chini isiyo na ngazi ya kupandia. Hayapokei pesa taslimu. Gusa kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa, au simu iliyounganishwa na kadi hiyo, mara moja tu unapoingia. Ndani ya saa moja tangu kugusa mara ya kwanza, mabasi mengine utakayopanda hayatozwi. Tumia kadi ile ile daima: ukigusa kadi asubuhi na simu jioni mashine inahesabu abiria wawili, na ile nafuu ya kikomo cha nauli kwa siku inapotea. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi basi wala treni. Ingia mlango wa mbele, sukuma kigari hadi nafasi ya wazi katikati, funga breki. Nafasi hiyo kwanza ni ya mtu wa kiti cha magurudumu, akiingia utaombwa ukunje kigari. Ndiyo sababu nimesisitiza mkono mmoja. Usipande ghorofa ya juu na mtoto basi likiwa linaondoka. Madereva hawangojei ukae, na ngazi zile zimevunja watu wengi meno.

Epuka treni za chini kati ya saa 12:30 na 3:30 asubuhi, na kati ya saa 10:00 na saa 1:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtoto aliye kwenye kigari wakati huo yuko kwenye usawa wa mikoba na magoti ya watu. Joto pia: treni za kina kirefu kama Central na Bakerloo hazina kiyoyozi, ilhali Elizabeth, Circle na District zinacho. Tafuta mtandaoni ramani ya stesheni zisizo na ngazi inayotolewa na mamlaka ya usafiri ya London, uihifadhi kwenye simu. Ukiwa peke yako, mfunge mtoto mkanda kwenye kigari kabla treni haijafika. Ingia kwa magurudumu ya mbele ukiyanyanyua kidogo kuvuka mwanya, na ukishuka geuka utoke kinyumenyume ili magurudumu ya nyuma yatangulie. Kama anatembea kwa miguu na mkapotezana, yaani mmoja amebaki jukwaani na mlango umefungwa, kuna kitufe cha msaada jukwaani na wafanyakazi wapo. Aliye ndani ya treni ashuke stesheni inayofuata angoje hapo hapo. Mkubaliane hivyo na mume wako mapema, na mtoto avae kikuku cha karatasi ngumu chenye nambari yako ya simu ikianza na +254.

Mkichoka kabisa, teksi nyeusi inachukua kigari bila kukikunja. Sheria ya Uingereza inaruhusu mtoto wa chini ya miaka mitatu kupanda teksi bila kiti maalumu akiwa kiti cha nyuma, dereva asipokuwa nacho. Inaruhusiwa, lakini si salama kama kiti, kwa hiyo iwe safari fupi. Kwa safari ya Heathrow usiku, agiza gari mapema na utaje umri na uzito wa mtoto ili waje na kiti.

Siku ya makumbusho. Natural History Museum, South Kensington, haina kiingilio, lakini chukua mtandaoni tiketi ya bure ya saa 4:00 asubuhi, saa wanayofungua. Kutoka Paddington kuna kama kilomita mbili na kitu, na nusu kubwa yake ni ndani ya bustani, kwa hiyo tembea: vuka daraja la Serpentine, teremka Exhibition Road, na uingie kwa mlango wa barabara hiyo hiyo, hauna ngazi. Kama kuna mvua, panda basi nambari 36 hadi Hyde Park Corner, kisha 74 hadi South Kensington. Nenda kwa dinosaria kwanza, kabla ya vikundi vya shule kufika: Juni shule za Uingereza hazijafungwa, na makundi huanza kumiminika baada ya saa 4:30. Lakini jua kwamba mwishoni mwa njia yupo T. rex wa mashine anayesogea na kunguruma gizani. Watoto wengi wa miaka miwili huogopa mno. Mbebe, mwonyeshe kwa mbali, na kama anakaza shingo yako geuka. Kisha mpeleke ukumbi mkubwa akaone mifupa ya nyangumi wa buluu, mita 25, aliyening'inizwa juu ya vichwa vya watu tangu 2017. Maliza kwenye bustani ya nje, ambapo pana sanamu ya shaba ya Diplodocus na nafasi ya kukimbia. Saa moja na nusu yatosha. Science Museum iko jirani, na itakuvuta. Iache kwa siku ya mvua.

Siku ya kasri. Watu wengi husongamana mbele ya Buckingham Palace kutazama walinzi wakibadilishana, na mtoto huona migongo. Badala yake chukua basi 36 hadi Hyde Park Corner, shuka na barabara ya Constitution Hill, lione kasri ukipita, kata ndani ya St James's Park hadi Horse Guards. Ni kama kilomita mbili za njia tambarare. Hapo walinzi wa farasi hubadilishana kila siku saa 5:00 asubuhi, Jumapili saa 4:00, na umati ni mdogo, hivyo farasi utawaona kwa karibu. Usimweke mtoto karibu na mdomo wa farasi. Wanauma, na vibao vinasema hivyo. Akishalala na kuamka, rudi St James's Park. Pale kuna ndege waitwao mwari, ambao kizazi chao cha kwanza kililetwa mwaka 1664 na balozi wa Urusi, nao hulishwa samaki kati ya saa 8:30 na 9:00 mchana. Big Ben iko dakika chache kutoka Horse Guards, unaiona, unapiga picha, yamekwisha.

Greenwich ningeipa siku nzima, kwa sababu njia yenyewe ni mchezo. Panda Elizabeth line kutoka Paddington hadi Canary Wharf, tembea kidogo hadi kituo cha DLR cha Canary Wharf, na upande treni inayokwenda Lewisham. Treni za DLR hazina chumba cha dereva, kwa hiyo viti vya mbele kabisa vina kioo kinachotazama reli. Mkalishe hapo. Ila kwenye kituo cha Cutty Sark, mtakaposhukia, jukwaa ni fupi na milango ya mwisho mbele na nyuma haifunguki: mkifika Island Gardens, kituo cha kabla yake, inukeni msogee katikati. Pale mtaona meli ya zamani ya Cutty Sark, na ndani ya Greenwich Park, sehemu ya chini, kuna uwanja wa watoto. Kilima cha kwenda kituo cha kutazamia nyota ni kikali kwa kigari, na mtoto hatakosa kitu usipokipanda. Rudini kwa boti ya abiria hadi Westminster. Wa chini ya miaka mitano hawalipi, kuna choo, na mtapita chini ya Tower Bridge.

Kwa siku iliyobaki kuna Coram's Fields, karibu na Russell Square: uwanja wa watoto ambao mtu mzima haruhusiwi kuingia bila mtoto. Mama aliye peke yake anaweza kukaa chini pale na kupumua. Uwanja wa Princess Diana ulio Kensington Gardens, wenye meli ya mbao, ni mzuri pia. Hufunguliwa saa 4:00 asubuhi, lakini angalia kwanza mtandaoni kwamba haujafungwa kwa matengenezo.

Vyoo: stesheni nyingi hazina. Tumia vya makumbusho kila mnapotoka, hata kama anakataa. Maji ya kutawaza hayapo chooni, beba chupa ndogo yenye shingo. Maji ya bomba ni salama kunywa. Chunga bomba la maji ya moto hotelini. Nyumba za zamani zina mabomba mawili tofauti na la moto huunguza ngozi ya mtoto mara moja, kwa hiyo fungua la baridi kwanza. Nguo ziwe tabaka: Juni asubuhi huweza kuwa nyuzi 12 na mchana 23, na aliyekaa kwenye kigari hupoa haraka kuliko wewe unayetembea. Mguse kifuani au mgongoni kujua kama ana baridi, mikono hudanganya.

Akiumwa. Nunua bima ya safari kabla ya kuondoka, inayotaja mtoto kwa jina. Kwa ushauri piga 111, ni bure na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Kwa hatari ya maisha piga 999. Huduma kwenye kitengo cha dharura hailipiwi, lakini mgeni akilazwa hutozwa, na gharama ni kubwa. Great Ormond Street ni hospitali maarufu ya watoto, lakini haina kitengo cha dharura, usiende huko. Nenda St Mary's.

Na akipata homa, wakati wowote katika siku hizo sita, usingoje kesho ukidhani ni mafua ya baridi. Daktari wa London huona homa nyingi za watoto na malaria si jambo la kwanza analolifikiria. Sema mwenyewe, mlangoni, kabla hujaulizwa: tumetoka Mombasa, ni eneo la malaria, naomba apimwe damu leo. Mwambie pia tarehe mliyofika na kama mtoto hulala kwenye chandarua. Mkisharudi nyumbani, akipata homa, mweleze daktari wa huko kwamba mlikuwa safarini.